Mlango wa Stoo ya Nderitu

Lazarus, mlinzi wa mjengo wa Nderitu huko Kawangware, alipatikana amekufa chini ya ghorofa ya sita Jumanne asubuhi, mvua ikiwa ndiyo imeisha. Kufikia adhuhuri mlinzi mwenzake, Wesonga, alikuwa na pingu, na nje ya geti watu walikuwa wameokota mawe wakimngoja.

Shahidi alikuwa Nderitu mwenyewe. Alimwambia Inspekta Muli kwamba mvua ilipoanza aliingia stoo, nyuma ya mjengo, akakaa humo hadi ilipoisha. Humo ndani, kwa redio yake ya mkononi, alimsikia Wesonga akimtishia Lazarus kwamba anapanda kumsukuma. Wesonga aliapa hakutoka getini. Lakini jana yake mafundi waliwaona wakigombana: Lazarus alitaka kuripoti nyufa za nguzo kwa wakaguzi, Wesonga akihofia watakosa kazi. Haya, mwenye ploti na mlinzi, wewe ungemwamini nani?

Risper, dadake Wesonga, alifika mbio kutoka kijiji cha Raila huko Kibera, amejaa matope. Huyo kaka ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Kazi yake Risper ni kupima mitaa na kukadiria ni wapi mawimbi ya redio yatakufa kati ya mabati na maghorofa. Aliiona stoo ile, mabati matupu, haina dirisha, na zege la mjengo limeikinga mbele.

"Afande, humo redio haishiki," alisema. "Nawaomba mjaribu."

Wesonga akabaki getini na polisi mmoja, akapewa redio. Risper, Muli na Nderitu wakaingia stoo.

"Dada, unanipata?" Sauti ilikwaruza, lakini ilifika.

Nderitu akacheka. Maskini Risper, alikuwa amemkaanga kaka yake kwa mdomo wake mwenyewe. Muli alishageuka kutoka, na Risper akainama asionekane akilia. Hapo ndipo alipoiona mifuko ya simiti imepangwa hadi kizingitini, mmoja umetoboka, unga mkavu umemwagika. Nje, hatua moja tu, maji ya mvua yalikuwa bado yamesimama.

"Mzee, mvua ikinyesha ulikuwa umefunga mlango?"

"Sasa nani anaacha mlango wazi na simiti iko hapo?" Nderitu alijibu, amekasirishwa na ujinga wa swali.

Risper akauvuta mlango wa chuma, ukafunga. Redio ikakata. Wakasimama gizani, wakangoja, wakangoja tena. Hakuna kitu.

"Kwa hivyo hukusikia chochote," Muli alisema polepole. "Na kama simiti ni kavu, mlango haukuwa wazi. Ulikuwa wapi, mzee?"

Nderitu alikaa juu ya mifuko yake.

"Angeenda kwa wakaguzi," alisema. "Wangebomoa yote. Nilipanda nimbembeleze tu, akakataa. Nikamsukuma."

Risper hakungoja zaidi. Alisukuma mlango, na redio ikashika papo hapo.

"Dada? Mbona hunijibu? Dada, wanavunja geti."

"Nakupata," Risper alisema, na tayari alikuwa anakimbia.