Kinanda Kutoka Mbeya

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kuchota maji, Paskalina alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya kanisani Kihesa, pale Iringa mjini. Alikuwa darasa la sita, mdogo kuliko wote katika sauti ya kwanza. Jumamosi moja ya mwaka 1978 alitoka nyumbani mbio, kwa sababu siku hiyo kinanda cha umeme kingepigwa mbele ya wote.

Wanakwaya walikuwa wamelima viazi misimu miwili ili wakipate. Mwalimu Kasian, kiongozi wao, alikwenda Mbeya mwenyewe, akakinunua kwa bei nafuu kwa mpigaji wa bendi iliyovunjika. Kilikuwa kifupi, kimechubuka, kimejaa swichi, lakini kilikuwa chao.

Mwalimu akaketi na kutandaza vidole kama alivyozoea kwenye kinanda cha kukanyaga, ili sauti zote nne za wimbo zitoke pamoja. Ikatoka moja. Akabonyeza tena, ikatoka moja tu. Uso ukambadilika.

"Nani amekigusa hiki?"

Jana yake, alipokuwa akifagia kanisa, Paskalina alikuwa amekiwasha akapiga wimbo mmoja kwa kidole kimoja. Hofu ikamshika.

"Siyo mimi, Mwalimu."

"Mbona jana nilikusikia ukikipiga?" akasema Lusia, aliyesimama karibu naye.

"Kumbe," akasema Mwalimu Kasian. "Jasho la watu wote hawa umeliharibu wewe. Toka. Kwaya hii huimbi tena."

Watu wakamtazama Paskalina kama mwizi. Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya hasira. Alijua hakuharibu kitu. Alijua pia kwamba uongo wake mwenyewe ndio uliowafunga watu masikio, na hilo lilimchoma zaidi. Badala ya kwenda mlangoni, akakiendea kinanda.

"Nimedanganya, nilikigusa," akasema. "Ila sikukiharibu. Naomba nionyeshe."

"Nimesema utoke."

"Mwache aonyeshe, Kasian," akasema Bibi Damari, mama mzazi wa baba yake Paskalina, ambaye aliimba sauti ya pili tangu kwaya ianzishwe. Mwalimu akasogeza kiti nyuma.

Paskalina akabonyeza kibao cha kwanza, kikalia. Akaendelea kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi, hadi cha mwisho. Vyote vililia. Kisha akabonyeza viwili kwa pamoja, kikalia kimoja.

"Hakuna kilichokufa," akasema. "Vinakataa kulia viwili pamoja, basi."

Saulo, fundi redio na mwanakwaya mwenzao, alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka dukani kwake. Akainama kukitazama.

"Vya namna hii nimetengeneza," akasema. "Vimeundwa kutoa sauti moja moja, ndiyo maana vinauzwa rahisi. Watu wa bendi hukipigia wimbo tu, magitaa yakijaza sauti nyingine. Mwalimu, kule Mbeya ulikijaribuje?"

Mwalimu Kasian akainua kidole cha shahada.

"Kwa kidole kimoja," akajibu. "Basi lilikuwa linaondoka, na niliogopa mwingine asije akakichukua."

Bibi Damari alikasirika.

"Tumeinama shambani misimu miwili, wewe ukashindwa kubonyeza kwa vidole vinne? Halafu ukamtupia mtoto. Mwambie."

Haikuwa desturi mtu mzima kumwomba mtoto radhi mbele za watu. Lakini Mwalimu Kasian alisimama.

"Nisamehe, Paskalina. Kosa lilikuwa langu."

"Nawe usijione umeshinda," Bibi Damari akamgeukia mjukuu wake. "Ungesema kweli ulipoulizwa, tungekusikiliza mapema. Anayenunua kitu na akijaribu vizuri kabla hajatoa fedha, na anayeulizwa aseme alichofanya. Hayo mawili yangefanyika, leo tungekuwa tunaimba."

Saulo akapiga vibao vya chini, madirisha yakatetemeka. Wakakubaliana kinanda kiongoze sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, kwa kuwa wanaume walikuwa wachache.

"Rudi mahali pako," Mwalimu akamwambia Paskalina.

Alirudi akasimama kando ya Lusia. Bado alikuwa na hasira, na wimbo ulipoanza aliimba kwa nguvu kuliko siku zote.