Msafiri wa Shaba

"Mgonjwa ametoka wodini."

Sauti ya simuni ilikuwa ya Mkuu, na Mkuu hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Sindano alikitua kikombe chake cha kahawa juu ya dashibodi. "Nani kamtoa?"

"Si yule tuliyemngoja."

"Nani, basi?"

"Bibi kizee na mjukuu wake."

Sindano akawasha Toyota.

Idara ya usalama ilikuwa imekijua kile kikasha tangu Ijumaa. Kilikuwa chini ya mzizi, katika msitu wa hifadhi ulio nyuma ya bwawa, na kilitangazwa mtandaoni kama vikasha vingine vyote vya mchezo ule. Mtu huficha kikasha, huandika mahali kilipo kwa vipimo vya setilaiti, kisha wageni hukisaka kwa simu. Ukikipata, unachukua kitu kidogo na kuacha kitu kidogo. Ni mchezo wa familia, wa hewa safi na viatu vyenye tope.

Wasafirishaji wa magendo waliuona mchezo huo na kuupenda. Nani atamshuku mtu anayeinama chini ya mti na simu mkononi?

"Mgonjwa" wa kikasha kile alikuwa kichupa cha shaba, kirefu kama kidole, kimezibwa kwa nta. Ndani yake mlikuwa na sumu ya neva. Tone moja kwenye ngozi lingetosha kumuua mtu mmoja. Kichupa kizima, kikimwagwa kwenye mfumo wa hewa wa ukumbi, kingetosha mkutano wa mawaziri uliopangwa kuanza kesho yake asubuhi.

Hakuna aliyethubutu kukigusa kabla ya wataalamu kufika. Zaidi ya hayo, Mkuu aliutaka mkono utakaokuja kukichukua. Njia kuu ilifungwa kwa utepe. Kamera ndogo kama kifungo cha shati ilibandikwa kwenye shina la mti.

Bibi alikuja kwa njia ya mto. Huko hapakuwa na utepe.

Sindano aliitazama kwenye simu picha yenye sauti ambayo kamera ilikuwa imeirekodi dakika chache kabla, huku akikata kona.

"Bibi, nimekiona!"

"Taratibu, mume wangu. Tazama kwanza kama kuna nyoka, ndipo ushangilie."

Mtoto alikuwa na umri wa kuanza kubadili meno. Alitoa gololi mbili, mjusi wa mpira, kisha kichupa. Kilikuwa kimefungiwa kibati kwa mnyororo mwembamba. Bibi aliishusha miwani hadi ncha ya pua, akasoma maelekezo kwenye simu yake.

"Huyu anaitwa msafiri. Unakiona kibati chake? Msafiri hapelekwi nyumbani kwa mtu. Tunampeleka kikasha kingine, naye mwingine atamsogeza mbele."

Mtoto alikitikisa kichupa sikioni. "Kuna maji ndani. Nikifungue?"

"Kifungue, nami nikupe talaka hapa hapa."

Mtoto alicheka. Hakukifungua.

Sindano akabadili gia.

Wasafirishaji walikifunga kile kibati ili msakaji muungwana asikitie kichupa mfukoni akaondoka nacho. Hesabu nzuri. Lakini waliusoma mchezo nusu. Kitu chenye kibati hakiachwi kilipo. Hupelekwa mbele, na mtu mwaminifu ndiye wa kwanza kukipeleka.

Redio ilikwaruza. Alikuwa Darubini, mlinzi aliyekaa kilimani ng'ambo ya mto.

"Sindano, Mpole amefika kwenye mzizi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Amekikuta kikasha bila kichupa."

"Anapiga simu?"

"Hapana. Anatazama ramani. Sasa anatembea. Hana haraka."

Yule waliyemngoja walimwita Mpole kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Watu watatu waliowahi kumwona usoni na kumweleza walikuwa makaburini.

"Unaweza kumpata kwa risasi?"

"Miti imenizuia. Nami kuvuka mto ni nusu saa."

Sindano aliifungua ramani ileile. Kikasha cha karibu zaidi kilikuwa kwenye nyumba ya pampu iliyoachwa, kando ya bwawa. Kilitangazwa kuwa kinawafaa watoto na wanaoanza.

Mpole naye alikuwa ameyasoma hayo.

Sindano aliliacha gari nyuma ya vichaka. Aliichomeka bastola ya Glock 19 kiunoni, akavaa koti la michezo, akashika mkononi Garmin, kifaa cha kusomea setilaiti, kama msakaji yeyote wa mwisho wa wiki. Kisha akakimbia.

Nyumba ya pampu haikuwa na paa. Mabomba yenye kutu yalitokeza ukutani kama mbavu. Sindano alizisikia sauti kabla hajauona mlango.

"Habari za kusaka, mama?"

"Njema tu, baba. Na wewe ni msakaji?"

"Wa siku nyingi. Nadhani mjukuu wako ameshika msafiri wangu. Nimebadili mawazo, nataka nirudi naye nyumbani."

Sauti laini, kama ya mtu anayeomba chumvi mezani.

"Haya, hilo ni jepesi," bibi alisema. "Mwenye msafiri anaijua namba yake. Nitajie iliyoandikwa kwenye kibati, nami nitakupa."

"Sikumbuki, mama."

"Mimi pia nasahau mengi. Ila mwenye mali hukumbuka alama ya mali yake."

Sindano aliingia. Kwa kutupa jicho mara moja aliyaona yote. Mpole alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa begani kwa mtoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya koti. Kichupa kilikuwa katika ngumi ya mtoto, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeanza kuikwangua nta.

Kama Sindano angefyatua risasi, mtoto angeanguka na kichupa. Chini palikuwa na saruji.

Miguuni pa bibi palikuwa na kikasha kilichofunguliwa. Kilikuwa kopo la chuma la kuhifadhia risasi jeshini, lenye mpira kwenye mdomo na komeo zito. Wasakaji huyapenda makopo hayo kwa sababu hayaingizi maji.

Wala hayatoi hewa.

"Loo, mmenitangulia!" Sindano alisema, akihema na kutabasamu. "Na msafiri mnaye! Mmeshamwingiza?"

"Bado," mtoto alisema. "Huyu baba anasema ni wake."

"Hata kama ni wake. Msafiri huingia kikashani kwanza, kifuniko kikafungwa, ndipo mwenyewe akamtoa. Si ndivyo, kaka?"

Mpole alimtazama. Macho yake yalikuwa matulivu, yakipima. Kopo lilikuwa hatua moja kutoka kwenye kiatu chake. Ngumi ya mtoto ilikuwa inatokwa jasho, na Mpole pia aliijua hatari ya saruji.

"Ndivyo," alisema polepole. "Mwingize, kijana."

"Mlaze kama yai," Sindano alisema. "Hivyo hivyo. Sasa funika. Bonyeza komeo."

Mtoto alichuchumaa. Bega lake likatoka chini ya ule mkono.

Komeo likalia: ko!

"Bibi, mshike mumeo," Sindano alisema.

Hakuna mgeni wa kawaida ambaye angelijua neno lile la utani. Bibi hakuuliza. Alimvuta mtoto kwa ukosi wa shati, wakaanguka pamoja nyuma ya bomba kubwa.

Mpole alikuwa mwepesi. Bastola yenye kiziba sauti ilitoka kotini na kukohoa mara moja. Tofali likapasuka kando ya sikio la Sindano.

Glock ilijibu mara mbili.

Bega. Goti.

Mpole alianguka bila kupiga kelele. Aliunyoosha mkono wa pili kuelekea kopo. Sindano aliukanyaga, akaipiga teke ile bastola, akamfunga pingu za plastiki.

"Hukuijua namba," alimwambia. "Uliambiwa uchukue, hukuambiwa usome."

Mpole alitabasamu. Meno yake yalikuwa mekundu kwa damu ya mdomo alioung'ata. "Mkutano ni kesho, dada. Ningekuwa wewe, ningeogopa mpaka kesho."

"Nitaogopa kesho, basi."

Alibonyeza redio. "Mpole yuko chini, yu hai. Leteni machela na wataalamu. Msafiri amefungiwa."

"Nimepokea," Darubini alisema, na pumzi yake ndefu ikajaza redio.

Bibi aliinuka, akipangusa kutu magotini. Alikuwa amemgeuza mtoto uso ukutani.

"Mwanangu," alimwambia Sindano kwa sauti ya chini, "mle ndani mna nini?"

"Kimezibwa, bibi. Hakikufunguka."

"Sikuuliza hilo."

Sindano alilitazama kopo. Bibi aliusoma uso wake kwa muda, kama alivyokuwa akisoma maelekezo, kisha akaitikia kwa kichwa na kufungua mkoba wake.

Wataalamu walipofika na mavazi yao ya mpira, Sindano aliwaonyesha lilipo kopo, akatoka nje kwenye mwanga. Simu ililia.

"Wale raia wawili," Mkuu alisema. "Wanajua walichokuwa wamebeba?"

"Mtoto hajui."

"Na bibi?"

Sindano aligeuka. Bibi alikuwa amechuchumaa kando ya bwawa, chupa ya maji imeinamishwa, viganja vidogo vya mjukuu vikiwa katika vyake. Maji yalikuwa yameshakwisha. Alikuwa bado anasugua.

"Anamnawisha mikono," Sindano alisema.

Akakata simu, akafunga zipu ya koti, akaelekea garini bila kuongeza mwendo.