Soksi Hasikii

Kila asubuhi mama mmoja, fundi wa nguo, aliwasha televisheni kwanza, ndipo akakaa kwenye cherehani. Binti yake mdogo, Kipusa, alikaa mkekani kumtazama Soksi, kikaragosi wa kipindi cha watoto, soksi iliyovaliwa mkononi, mwenye macho ya vifungo. Soksi aliongea lugha mbili, ya nyumbani na ya shuleni.

Fundi alitaka mwanawe aijue mapema lugha ya shuleni. Yeye mwenyewe aliiongea kwa kuungaunga. Basi akapiga marufuku mazungumzo: Soksi akiongea, kila mtu, hata bibi wa mtoto, afunge mdomo. Vipindi vilirudiwa kutwa, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya kutwa.

Mchana mmoja umeme ulikatika. Cherehani ikanyamaza. Lakini chumbani sauti ya Soksi iliendelea.

"Rafiki, unaitwa nani?"

Kimya.

"Vizuri sana!"

Fundi akaacha cherehani. Akachungulia. Kipusa alikuwa mbele ya kioo cheusi cha televisheni, mkono juu, vidole vikifumbuka na kufumba kama mdomo.

"Kipusa?"

Mtoto hakugeuka. Mkono ndio uliogeuka.

"Rafiki, unaitwa nani?"

"Mimi mama yako!"

"Vizuri sana!"

Bibi wa mtoto alikuwa mlangoni. "Anayeongea hapo si mjukuu wangu," alinong'ona. "Mimi simo!" Akatoka mbio, kanga mkononi.

Fundi alijikaza, akashika shati la mteja ashone kwa mkono. Sindano ikamchoma, damu ikatoka.

"Uwii! Naumia!"

Kipusa alimtazama, shingo upande. "Vizuri sana!" akasema, akapiga makofi.

Hapo fundi alilia. Mtoto alikuwa mbele yake, na bado aliona amempoteza.

Alimbeba hadi kwa jirani, nesi wa kliniki ya watoto. Nesi alisikiliza mpaka mwisho.

"Soksi akiuliza, anangoja jibu?"

"Kidogo. Halafu anasema vizuri sana."

"Hata mtoto akinyamaza?"

"Hata akilia."

"Basi mwanao amejifunza hivyo hivyo. Soksi hasikii, dada. Mtoto hujifunza kuzungumza na mtu anayemsikia na kumjibu."

"Lakini lugha yangu itamchanganya!"

"Haitamchanganya. Mtoto anaweza kujifunza lugha mbili. Wewe ongea naye ile unayoijua vizuri. Muulize, kisha ngoja. Soksi mtazameni kidogo tu, tena pamoja. Na kesho mlete kliniki tumpime masikio."

Masikio yalikuwa mazima. Fundi akasogeza mkeka karibu na cherehani, akainua kifungo.

"Hiki nini, Kipusa?"

Mwanzoni ulijibu mkono. "Vizuri sana!"

"Hiki kifungo," fundi alisema, akauliza tena, akangoja. Kungoja kulimchosha kuliko kushona. Bibi alirudi, akaongea kufidia siku zote alizonyamazishwa, hata ikabidi aombwe apumue. Taratibu mkono wa Kipusa ukaanza kushuka. Siku moja akasema "kifungo" kwa sauti ndogo, yake mwenyewe.

Kisha sindano ikamchoma fundi tena.

"Uwii!"

Kipusa akainua mkono. Vidole vikafumbuka. Fundi akangojea ile "Vizuri sana!"

Vidole vikafumba, taratibu, juu ya kidole cha mama.

"Mama, inauma?"

Kisha akamtazama usoni, akingoja ajibiwe.