Mikono Imejaa

Jumatano hiyo, saa kumi jioni, Nyakio aliingia dukani kwa mama yake akiwa bado na pakiti ya maziwa ya Nyayo, yale yanayogawiwa shuleni, mkononi. Akasema, "Naam, mama."

"Naam nini?" Wahu aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Si umeniita?"

"Sijakuita."

"Umeniita huko nyuma, mlango wa jikoni. Mara mbili."

Wahu alikuwa ameketi hapo tangu saa sita, akishona sare za shule chini ya picha ya Rais, na jikoni hakukuwa na mtu. Tangu mumewe afariki, wao wawili tu ndio waliokaa katika nyumba ile ya mbao huko Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, duka mbele na jikoni nyuma. Akamwambia mtoto pengine ni jirani. Nyakio, ambaye alikuwa na miaka saba na hakuna neno lililompita, alitikisa kichwa.

"Ilikuwa sauti yako," akasema, "lakini ilikuwa na mafua."

Ili ujue jambo hili lilianzia wapi, inabidi turudi nyuma siku moja tu, hadi Jumanne, na inabidi niseme kidogo kuhusu Kivuli cha Jioni. Huo ulikuwa mchezo wa televisheni wa mambo ya majini na mizimu, ukionyeshwa kila Jumanne saa moja na nusu, mwaka ule wa 1986. Ulikuwa mzuri kuliko michezo yote, na hakuna aliyeujali. Watu wa Yamumbi walijazana kwa yeyote mwenye televisheni kutazama mieleka na wanaume wanaoanguka ndani ya mapipa, lakini Kivuli cha Jioni kikianza, walivaa makoti wakaenda kulala. Kipofu hasifiwi rangi. Wahu na binti yake hawakukosa hata Jumanne moja. Televisheni yao ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari ambayo Wahu aliifunga nyuma ya baiskeli na kuipeleka mjini ichajiwe.

Jumanne hiyo mchezo ulikuwa wa hadithi ya kale. Mwanamke mzee aliketi kando ya moto, akatazama nje ya kioo moja kwa moja, akauliza, "Hadithi, hadithi?"

Jibu lake analijua kila mtoto aliyewahi kukaa darasani. Nyakio akajibu kwa nguvu, na Wahu akajibu pamoja naye huku akicheka, "Hadithi njoo!"

Yule mzee akasimulia. Palikuwa na zimwi lililomtamani mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani. Kila siku mama akirudi na maji aliita, na mtoto akafungua. Zimwi nalo likaita, lakini sauti yake ilikuwa nene, mtoto akakataa. Basi likajificha nyuma ya nyumba, likawa linamsikiliza mama na kujifunza, siku baada ya siku, mpaka sauti ikalainika. Mtoto akaja mlangoni. Akashika komeo. Hapo picha ikaanza kusinyaa kutoka pembeni, ikabaki upana wa leso, halafu kitufe, halafu nukta moja nyeupe, ikazimika. Betri ilikuwa imekwisha.

"Mama, alifungua?"

"Nitajuaje mimi? Twende tulale."

Ndiyo maana Jumatano, mtoto aliposema kuhusu sauti yenye mafua, Wahu alidhani ni ule mchezo tu umemkaa kichwani. Alhamisi Nyakio alikuja tena dukani akasema mafua yamepungua. Ijumaa alisema yamekwisha, na tangu hapo akakataa kwenda jikoni peke yake. Kulikuwa na harufu pia, ya ngozi mbichi iliyonyeshewa, na ilikuja mchana kweupe wakati wateja wakipimwa nguo.

Jumamosi Wahu alisikia mwenyewe. Alikuwa chumbani akikunja pindo la gauni, pini sita mdomoni, Nyakio ameketi miguuni pake, na kutoka nyuma ya mlango wa jikoni mtu akasema taratibu, "Nyakio, fungua. Mikono imejaa."

Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aliyasema kila siku akirudi na ndoo za maji, na kila siku Nyakio alikimbia kumfungulia. Mtoto aliinua uso akamtazama mama yake, akaona pini zile na midomo iliyofungwa, akamng'ang'ania mguu mpaka harufu ilipoondoka. Tangu siku hiyo Wahu alikuwa na hofu moja tu, kwamba ipo siku atakuwa mbali, na mtoto atakimbia kufungua.

Jumatatu asubuhi alimweleza Mama Chepkorir, mzee wa Kikalenjini aliyewaletea maziwa kila siku, ambaye Nyakio alimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo alisikiliza akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, kibuyu kwapani.

"Hiyo kitu mmeita nyinyi wenyewe," akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi sijaita kitu, Mama."

"Ulisema njoo. Sasa imekuja. Hadithi ni kama lango ya boma, ukifungua lazima ufunge. Hiyo yenu nani alifunga?"

"Betri iliisha."

"Basi iko wazi. Sisi tunaita hiyo kitu chemosit. Itakaa hapo mpaka isikie mwisho." Akamshika Nyakio kidevu. "Na wewe, mtu akiita, usiseme njoo mpaka uone uso. Hata kama ni sauti ya nani."

Jumanne betri ilikuwa imechajiwa vizuri. Saa moja na nusu mama na mtoto walikaa mbele ya televisheni wakisubiri mwisho wa hadithi, na mtangazaji akatokea akisema kwamba Kivuli cha Jioni kimeondolewa kwa kukosa watazamaji, na mahali pake patakuwa na kwaya. Nakwambia, hata leo hilo linaniudhi. Kwaya ikaanza kuimba. Nyuma ya mlango wa jikoni kitu kizito kilikaa chini na kushusha pumzi.

"Basi maliza wewe," Kogo alisema Jumatano asubuhi, hapo hapo mlangoni. "Huyu mtoto aliitika, basi yeye ndiye ataambiwa mwisho. Lakini si mchana, hadithi ya mchana inapoteza ng'ombe. Ngoja jua iingie."

"Leo jioni nitammalizia," Wahu alisema.

Kosa lao ni kwamba waliyasema hayo kwenye mlango ule ule.

Mchana huo Wahu alitakiwa kupeleka sare shuleni. Baiskeli ilijaa vifurushi, mvua ya Julai ilikuwa inakuja, na Kogo alikuwa amekwenda sokoni katika mji mdogo wa Ziwa. Akamwambia Nyakio afunge komeo, asimfungulie mtu yeyote mpaka arudi. Mtoto atajuaje kwamba ni yeye aliyerudi? Hilo hakulifikiria.

Mvua ilimshika njiani. Alipofika nyumbani jua lilikuwa limetua punde tu, baridi imemkausha koo, na taa ilikuwa inawaka jikoni. Aliegemeza baiskeli ukutani, akainua mkono agonge, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu ndani ya nyumba, nyuma ya ubao ule mwembamba alioupigilia misumari marehemu mumewe, alisikia sauti yake mwenyewe, tulivu, isiyo na mafua wala haraka, ikisimulia jinsi mtoto alivyoshika komeo na mama akaingia, na kila ilipopumzika alisikia sauti ndogo ya Nyakio ikiitikia kwa furaha, na ile harufu ya ngozi iliyonyeshewa ikatoka chini ya mlango ikampanda hadi puani.

"Nyakio," aliita. Sauti ilitoka nene, yenye mafua. "Nyakio, fungua. Ni mimi mama."

Ndani, hadithi ikakatika. Halafu mtoto akapaza sauti, "Nenda. Mama yuko hapa."

Wahu aliona kwamba akisema neno lolote zaidi atamtisha zaidi. Kile kitu kilikuwa kimejifunza kila alichowahi kusema. Basi akapiga magoti matopeni, akapenyeza mkono wa kushoto chini ya mlango. Kidole chake cha shahada kiliwahi kupitiwa na sindano ya cherehani, na tangu hapo ukucha uliota umepasuka katikati. Nyakio aliushika ukucha huo kila usiku mpaka apate usingizi.

Akasikia nyayo ndogo zikisogea. Vidole vya baridi vikagusa ukucha, vikaacha.

"Mama," Nyakio alisema, lakini hakuwa akisema naye. "Nionyeshe mkono wako."

Sauti ile tulivu ilijibu kutoka kwenye kiti, "Mikono imejaa."

Komeo lilivutwa kwa kishindo, na mtoto akaanguka kifuani pa mama yake. Wahu hakutazama ndani. Alimkumbatia kwa nguvu, macho amefumba, akasema mbio mbio kabla pumzi haijamwishia, "Mama akarudi, mtoto akaujua mkono wake, zimwi likaona limejulikana, likatoka, likaenda zake. Hadithi yangu nimeifunga hapa."

"Imefungwa," Nyakio akaitikia.

Kitu kilichoroa maji kiliwapita kizingitini, kikimkwaruza Wahu shavuni, kikaingia mvuani. Usiku huo walilala kitanda kimoja, ukucha mkononi mwa mtoto, na Wahu alilia kwa shukrani.

Asubuhi Kogo alikuja mapema. Hakuwa na kibuyu.

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza, Mama. Mungu ni mwema. Imekwenda."

"Mwisho ulisema nini?"

"Kwamba likaenda zake."

"Zake wapi?"

Hapo ndipo Wahu alipokumbuka. Katika hadithi za wazee zimwi huuawa, likakatwa hata kidole cha mwisho, na hakuna msimuliaji anayeliacha liondoke hivi hivi.

"Kwa nini unauliza, Mama?"

Kogo aligeuka akatazama ng'ambo ya barabara, kwake, ambako mjukuu wake Jepkemboi alikuwa bado hajaamka.

"Jana usiku nimefika tu kutoka Ziwa, nimechoka, uliniita kwa lango," akasema. "Ukasema nifungue, mikono imejaa. Ilikuwa sauti yako kabisa, Mama Nyakio. Nikasema njoo."