Sindano Ilinasa, Mkono wa Ndugu Yangu Ukalala

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na tatu, au sabini na nne; aliyekuwa akijua hesabu yake ni mama, na mama keshatangulia. Nnakaa Sokomuhogo, ghorofa ya pili, ngazi zake zinataka mtu mwenye magoti ya mbuzi. Skuli sikuingia. Kusoma sijui. Haya nnayasema kwenye simu, na atakayeyaandika ayaandike kama yalivyo, asinipambe.

Nyinyi mnaosoma, na nyinyi mnaosomewa kama mimi, nisikilizeni. Mungu alininyima kalamu akanipa koo. Mtu akizungumza mbele yangu mara moja, nshamchukua. Nnamwiga muuza pweza, nnamwiga bi harusi anayejilazimisha kulia, nnamwiga karani wa benki: "Bibi, weka dole gumba hapa," na macho yake yako kwenye simu. Watu walikuwa wakija kwangu kucheka kama wanavyokwenda kwa wengine kupiga ramli. Nkajiona mtu...

Laiti ningezaliwa bubu.

Nna ndugu yangu, Khamis, tumbo moja, nnakaa naye hapa, mimi nimemtangulia miaka mitano. Umri wake wote alikuwa mshika usukani kwenye meli za Pemba. Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha bafuni, upande wa kushoto wote ukalala. Mguu ukarudi kidogo kidogo. Mkono ukakataa. Vidole vilijikunja kama kaa aliyekufa juani.

Bwana wa mazoezi wa hospitali akatwambia, kwa sauti yake ile ya puani, "Mkono huu upewe kazi. Usipopewa kazi utasahau." Akampa mpira wa kuminya. Khamis akauminya siku mbili, ya tatu akautupa dirishani. Akasema, "Mie nimeingiza meli gatini na upepo wa kusi unavuma, leo nikaminye mpira?"

Basi mwanawe, Rahma, akaja na shauri lake. Rahma nimemlea mimi tangu mama yake alipofariki. Sasa ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, anafanya kazi mapokezi ya hoteli Kendwa, huja nyumbani Alkhamisi jioni na kuondoka Jumamosi asubuhi. Na ana ugonjwa wake: gemu ya kompyuta. Vyombo vinaruka huko angani baina ya nyota, vinachukua mizigo, vinatia nanga kwenye bandari zinazoning'inia bila ya maji. Siku moja akamkalisha baba yake mbele ya kile kioo.

Khamis akatizama, akatizama... Akasema, "Huku hakuna mawimbi, lakini kufunga gati ni kulekule." Mie nkajua keshanaswa.

Shida ilikuwa vile vitufe vya kubonyeza. Rahma akasema gemu ile ina vifaa vyake viwili. Kimoja ni fimbo, kinashikwa kwa mkono wa kulia, ndiyo usukani. Cha pili kinashikwa kwa mkono wa kushoto; ukikisukuma mbele chombo kinakwenda mbio, ukikivuta kinapunguza. Yeye alikuwa na majina yake ya Kizungu. Mie cha pili nkakiita mkono wa mwendo, na nyumba nzima tukakiita hivo. Kumbukeni jina hilo, maana ndilo lililotuua.

Mnafahamu? Mkono wa kushoto, ule uliolala, ungepata kazi.

Rahma akanieleza pole pole, kama anavyowaeleza wageni wake wa hotelini. "Shangazi, ndani yake viko vya namna mbili. Viko vinavyosugua, na kinachosugua hulika. Baada ya miezi kinaanza kuruka chenyewe. Na viko vinavyofanya kazi kwa sumaku, havigusani na kitu, hivo havichoki. Tunataka vya sumaku. Ghali si lazima. Iko seti Mbweni, imetumika lakini nzima, ya sumaku, na ina kibano cha kukamatia meza. Bei yake tunaiweza."

Mwenye seti ile alikuwa bwana mmoja mtu mzima, fundi wa kompyuta. Rahma alizungumza naye kwa simu yangu, kwa kurekodi sauti, maana simu yake ilikuwa imekwisha chaji. Wakapatana. Akaniachia pesa, akanambia, "Jumatatu uende Mbweni, shangazi, ukachukue. Usipite pengine."

Usipite pengine. Mtu nliyemfunga nepi ananambia usipite pengine.

Jumatatu nkapita pengine.

Darajani pana duka la vitu vya kompyuta, la mtoto wa marehemu shoga yangu, anaitwa Mudi. Sauti yake laini, kama mtu anayempaka mtoto mchanga mafuta ya nazi. "Shikamoo, mama mkubwa. Leo umeingia mwenyewe? Basi duka limepata baraka."

"Marahaba, mwanangu." Nkamweleza ninakokwenda, ninachokifuata, na mgonjwa wangu.

Akashika kifua. "Mbweni? Kitu kilichotumika? Mama mkubwa, unajua mikono gani ilikishika? Unampelekea mgonjwa jasho la mtu?"

Neno lile likanichoma. Wala hakuliacha lipoe, akateremsha boksi, jipya, linanukia upya. Fimbo na mkono wa mwendo, vyeusi, vina taa nyekundu. Na bei chini ya ile ya Mbweni.

Nkamuuliza, "Ina sumaku? Mie nimeambiwa iwe ya sumaku."

"Sumaku tu? Ngoja nikutolee yenye sumaku." Akaingia nalo nyuma ya pazia. Akakaa huko. Nkasikia kitu kinagongwagongwa. Akatoka anatabasamu.

Mie mshona kofia. Sindano yangu naichomeka kifuani kwenye kanzu, haniondoki. Nkajisemea, mimi si mjinga wa kuuziwa kwa maneno. Nkaichomoa, nkaipeleka kwenye kitako cha kile kifaa. Tak. Ikanasa. Nkaipeleka kwenye cha pili. Ikanasa.

"Sasa mama mkubwa," akasema Mudi, "nani atakudanganya wewe?"

Nkanunua. Na kilichobaki nkajinunulia doti ya kanga. Hilo nalo nalisema, nisije kulificha nikaulizwa mbele ya haki.

Bado bwana wa Mbweni alikuwa ananisubiri. Nkafanya nini? Nkasimama pembeni ya duka, nkabonyeza simu pale pa kurekodi, nkakohoa kidogo, nkaichukua sauti ya Rahma. Ile yake ya kazini, ya kupanda mwishoni. "Samahani sana kaka, nshapata pengine. Usinisubiri." Nkaachia kidole, ikaenda.

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Alkhamisi Rahma akaja akavikuta vimefungwa mezani. Akauliza, "Mbona vipya, shangazi?" Nkamwambia yule bwana alikuwa na seti mbili, kanipa mpya kwa bei ileile. Akanitizama. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii shangazi yake muongo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa asali. Kila baada ya sala ya alasiri Khamis anakaa kitini, anauchukua mkono wake wa kushoto kwa wa kulia kama anayebeba samaki, anauweka pale juu. Mwanzo ulikuwa ukianguka. Siku ya kumi haukuanguka. Siku moja nnaingia na chai, nnaona kidole cha shahada kimenyooka. Peke yake. Nkaiweka sinia chini, nkasogea kukitizama vizuri.

Kisha vituko vikaanza.

Anakwenda kutia nanga, pole pole, kistaarabu, mara chombo kinaruka mbele. Kinajipiga ukutani. Anaanza upya. Kinaruka tena. Akawa anautizama mkono wake, hatizami kioo. "Dada," akasema, "nimeutuliza. Wallahi nimeutuliza."

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akawa anatoka jasho.

Siku hiyo akaondoka kwenda kutia udhu, gemu akaiacha inakwenda. Mie nnapangusa meza. Hapana mtu kitini. Hapana mkono juu ya kitu chochote. Na chombo kikaruka...

Nkasimama na kitambaa mkononi. Moyo ukanambia: umenunua kinachosugua.

Nkaenda Darajani. Mudi hakuniamkia hata shikamoo. Sauti ya mafuta ya nazi ilikuwa imekauka. Akasema, "Bibi, kwani yule mzee si mgonjwa? Mkono wake ndio unaoruka. Kifaa changu kizima. Nenda kamwambie apumzike."

Nilijua ni uongo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Lakini nkiusema ukweli, lazima niseme na Darajani, na kanga, na sauti niliyoiiba. Nyinyi mngefanya nini? Msijibu haraka.

Nkarudi. Khamis kakaa palepale. Akaniuliza, "Dada, kwani huu mkono una nini?"

Nkamjibu: "Mkono ndio mbovu, Khamis. Uache."

Mnaona nlivyofanya? Sikusema uongo. Mkono wa mwendo ulikuwa mbovu kweli. Lakini yeye aliutizama ule wa kwake, wa nyama na damu. Akautizama muda mrefu. Nilikuwa bado na nafasi ya kumwambia mkono upi. Neno moja tu, "ule." Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nkalimeza.

Akauchukua kwa wa kulia, akautia chini ya shuka, akaufunika.

Wiki tatu zikapita. Kompyuta haikuwashwa. Rahma akiuliza, baba yake anasema amechoka. Vidole vikaanza kurudi ndani, kimoja kimoja, mpaka kile cha shahada. Mie nnapika, nnafagia, na nnaona. Kuiga watu nkaacha. Jirani akanambia, "Bi Mkubwa, siku hizi umepoa, kulikoni?" Nkasema mafua.

Ijumaa moja Rahma kaishika simu yangu kuniwekea vocha, ujumbe ukaingia. Sauti ya yule bwana wa Mbweni: "Binti, ile seti uliyoikataa nimeshampa mwengine. Nimepata ya pili, ya sumaku vilevile, kama bado unahitaji."

Uliyoikataa. Rahma akapandisha juu, akatafuta, akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikatoka. Akaisikiliza mara mbili. Mie nnachambua mchele, sikunyanyua uso.

"Shangazi," akasema, "mie yule bwana simwiti kaka. Mie nnamwita ami. Yote umeyapata, umekosa hilo tu."

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Akachukua bisibisi, akakifungua kitako cha mkono wa mwendo palepale juu ya busati. Ndani mna sumaku ya mviringo, imeng'olewa kwenye spika ya redio, imegandishwa kwa gundi. Haikuungwa na waya wowote. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuinasa sindano yangu.

Akavirudisha, akaiwasha gemu, akamwita baba yake. "Baba, tizama. Hapana mkono hapa." Chombo kikaruka. Khamis akasema, "Umekitengeneza hivo ili unifurahishe. Zima."

Nkapiga magoti mbele ya ndugu yangu. Nkamwambia yote, Darajani, Mbweni, kanga, na lile neno nililolimeza. Nnalia, kamasi zinanitoka, na sauti ni yangu mwenyewe, niliyozaliwa nayo.

Khamis akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa, "Na hii ni sauti ya nani, dada?"

Rahma aliinunua ile seti ya pili ya Mbweni. Ipo mezani, imebanwa vizuri, hairuki. Ina miezi minne. Baba yake hucheza kwa fimbo tu, mkono wa kulia. Wa kushoto haupeleki. Bwana wa mazoezi anasema vidole vimekaza, na kadiri siku zinavyopita... hakumaliza, nami sikumuiga.

Mudi hajafanywa kitu. Duka lake lipo. Rahma akija hunipa mkono, "Shikamoo shangazi," anaingia kwa baba yake.

Ndugu zangu, mkienda kununua kitu kama kile, msikipime kwa uzito, wala kwa taa, wala kwa sindano. Kiungeni kwenye kompyuta hapohapo dukani, kisha ondoeni mikono mkitizame. Kikenda chenyewe, kiacheni.

Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili, na nnakuombeni kwa jina la Mola. Ukimwona mgonjwa anajilaumu, na wewe unajua kosa liko wapi, mwambie siku ileile, ingawa utaaibika. Usingoje uchao. Mimi nilingoja wiki tatu, na nilipokuja na kweli yangu nilimkuta keshakubali kuwa yeye ndiye mbovu.