Sanduku la Kijani la Marisela

Kila Jumamosi asubuhi, mama akianza tu kugeuza tortilla, chapati za mahindi, jikoni, Yaretzi alijua kazi yake inamsubiri mezani: barua za wiki nzima. Alizisoma kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha akawaeleza wazazi wake kwa Kihispania. Hii ya umeme. Hii ya kliniki. Hii ya wauza magodoro, itupwe. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba nzima. Alijua kutaja shinikizo la damu kwa lugha mbili kabla hajajua kuendesha baiskeli.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya dada yake, Marisela. Sasa Marisela alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na siku za Jumamosi alishinda kwenye ghala la vitunguu. Baba yao, Crescencio, alivuna vitunguu hivyo hivyo katika mashamba yanayouzunguka mji wao wa Los Tules, bondeni California.

Mwaka mzima, kila Alhamisi jioni, Marisela na mama yake walikwenda kwenye maktaba ya shule. Hapo Mwalimu Harlan, mshauri wa wanafunzi, aliwaelekeza watoto wa wavunaji na wazazi wao namna ya kuomba chuo: fomu zipi zijazwe, insha iandikwe vipi, ufadhili utafutwe wapi. Marisela ndiye aliyewatafsiria wazazi. Mama hakukosa hata siku moja, na hakwenda mikono mitupu: alibeba tamale, madonge ya unga wa mahindi yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya maganda ya mahindi.

"Hawa wanafuata chuo," Marisela alimtania, "au wanafuata tamale zako?"

"Wafuate wanachotaka, mradi waje," mama alijibu.

Mwezi wa Aprili jibu likaja. Chuo kikuu cha kaskazini, mwendo wa saa nane kwa gari, kilimkubali Marisela, na mfuko mmoja wa ufadhili ungemlipia kila kitu. Kilichobaki ni sahihi ya baba tu, kwa kuwa Marisela hakuwa ametimiza miaka kumi na minane. Mwisho wa kutia sahihi ulikuwa Jumatatu jioni. Baba aliomba apewe muda wa kufikiri. Kwao, binti alitoka nyumbani kwa baba yake akiwa amevaa shela, si akiwa amebeba vitabu.

Jumamosi iliyotangulia siku hiyo, simu ililia Marisela akiwa ghalani. Alikuwa Mwalimu Harlan, ambaye Kihispania chake kiliishia kwenye salamu. Yaretzi akaiweka simu mezani, sauti juu.

"Muulize baba yako ameamua nini, mwanangu," mwalimu alisema.

Baba alivua kofia, kana kwamba mwalimu anamwona.

"Mwambie hivi. Nimeinama kwenye mashamba ya watu tangu nina miaka tisa. Chuo kikuu sijui hata mlango wake unatazama wapi. Naogopa, usimfiche hilo. Lakini mwambie nimekubali. Jumatatu nitaomba ruhusa kwa msimamizi, nije kutia sahihi."

Mama alifunika uso kwa aproni, akalia kwa furaha. Yaretzi aliitazama simu. Aliwaza kitanda walicholala wawili, na vidole vya Marisela vinavyomsuka kila asubuhi. Aliwaza kliniki na benki, na barua zote ambazo sasa zingekuwa zake peke yake, miaka nenda miaka rudi.

"Baba anasema hapana," alisema kwa Kiingereza.

"Ana hakika?" mwalimu aliuliza.

"Ndilo neno lake la mwisho. Anaomba lisizungumzwe tena nyumbani."

"Anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema vizuri," Yaretzi alijibu kwa Kihispania. "Atamwambia Marisela mwenyewe shuleni, msimtangulie. Usikose kazi Jumatatu. Karatasi zikiwa tayari, atakuita."

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema lolote kuhusu mjumbe anayeua.

Jumatatu Mwalimu Harlan alimpa Marisela jibu lile, naye akarudi kutoka shuleni macho yamevimba. Hakuuliza neno, kwani neno la mwisho la baba lilikuwa la mwisho, naye alimheshimu mno. Mama alipomkumbatia huku machozi yakimtoka, Marisela alidhani wanalia kilio kimoja.

"Mwache," baba alimnong'oneza mama. "Anaanza kuaga nyumba."

Yaretzi aliyasikia yote. Kesho yake, dada yake alipokuwa akimsuka, alisema polepole, "Haya, mdogo wangu. Nitakusuka mpaka uzeeke." Hilo ndilo Yaretzi alilolitaka, lakini alipolipata hakulifurahia. Mara tatu alifungua kinywa aseme, na mara tatu akakifunga. Siku zikapita, kila moja ikiufanya ukweli kuwa mzito zaidi.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, baba alirudi kutoka gulioni akiburuta sanduku la kijani. Alikuwa akitabasamu mpaka masharubu yakainuka.

"Haya, binti! Gurudumu moja lilikuwa limekufa, nimelitia jipya kwa mkono wangu."

"La nini, Baba?" Marisela aliuliza.

"La nini! Kwani chuoni utapeleka nguo kwenye gunia la vitunguu?"

Marisela alishika ukingo wa meza. "Lakini Baba... ulikataa."

"Nani alikataa? Nilisema ndiyo! Nilisema mbele ya mama yako, kwenye simu, na..."

Hakumaliza. Wote watatu wakamgeukia Yaretzi. Hakukuwa na haja ya kumuuliza, kwa sababu tayari alikuwa ameanguka sakafuni akilia. "Sikutaka aondoke," alisema. "Sikutaka aniache peke yangu."

Marisela hakumpigia kelele, wala hakumtukana. Aliliinua lile sanduku, akaliingiza chumbani, akafunga mlango. Yaretzi angependelea kupigwa.

Kesho yake wote wanne walikwenda kwa Mwalimu Harlan. Marisela alipotaka kutafsiri, baba alimzuia. "Atatafsiri Yaretzi. Neno kwa neno."

Yaretzi akasimama katikati, akaungama kwa Kiingereza. Mwalimu aliupigia simu mfuko wa ufadhili, akaongea, akasikiliza, kisha akaishusha simu taratibu. Aliyoyasema, Yaretzi ndiye aliyepaswa kuyatia masikioni mwa wazazi wake:

"Anasema nafasi ilipewa mwanafunzi mwingine. Hairudi." Akaendelea, "Anasema kuna chuo cha wilaya, saa moja kwa basi. Marisela atasoma miaka miwili huko, kisha aombe tena kuhamia kaskazini. Fomu bado zinapokelewa. Na anasema... anasema kosa ni lake pia. Alimpa mtoto kazi ya mtu mzima. Kuanzia leo shule italeta mkalimani aliye mtu mzima."

Baba aligeuza kofia mikononi. Kisha akauliza kalamu iko wapi, akatia sahihi pole pole, herufi moja moja.

Nje, alimketisha Yaretzi kando yake kwenye ngazi za shule.

"Kumpenda dada yako si kosa," alisema. "Kuogopa si kosa pia, mimi mwenyewe niliogopa. Lakini mimi niliusema woga wangu, wewe uliuficha nyuma ya uongo. Maneno ya mtu ni amana, mwanangu. Ukikabidhiwa uyafikishe, yafikishe kama yalivyo, hata yakikuchoma. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo. Ungesema Jumamosi ile ile ya simu, dada yako angekwenda."

Mwezi wa Agosti Marisela alianza chuo cha wilaya. Alitoka alfajiri kuliwahi basi, na Yaretzi alijifunza kujisuka mwenyewe, nywele zikienda upande. Asubuhi moja, wiki nyingi baadaye, Marisela alisimama mlangoni, akamtazama, akaguna.

"Njoo hapa. Unaonekana kama kuku aliyekimbizwa."

Akamsuka kimya kimya, kisha akauwahi usafiri wake. Yaretzi alichukua kitambaa, akalivuta sanduku la kijani kutoka chini ya kitanda, akalifuta vumbi. Halikuwa limebeba kitu bado. Alilifuta hivyo kila Jumamosi kwa miaka miwili.