Hata kwa Saa Moja

Kila Jumamosi Levina alikuwa na shughuli tatu: kuosha vyombo, kumwagilia mchicha wa uani, na kupiga pasi sare za shule kwa pasi ya mkaa, ile ambayo mpini wake umefungwa kitambaa kwa sababu unaunguza. Alikuwa darasa la sita. Aliishi Isevya, mjini Tabora, na mama yake pamoja na mama mdogo Asnath.

Jumamosi hiyo alimaliza mapema, maana mama mdogo alimwomba amsindikize mtaa wa Mtendeni. Asnath alikuwa ametafuta ajira miaka minne tangu amalize kidato cha nne. Sasa alikuwa amepata kibarua cha wiki mbili cha udodosaji: kupita nyumba kwa nyumba na dodoso, yaani karatasi ya maswali, kwa ajili ya watafiti waliotaka kujua watu wanafanya kazi gani na nani anahitaji wafanyakazi. Akifanya vizuri, angepelekwa Bukene kuifanya kazi hiyo kwa miezi mitatu.

"Nikiharibu hapa, Levina, narudi kukaa," alisema njiani.

Alasiri zilibaki nyumba tisa. Asnath alikuwa kwa fundi seremala mwenye vijana wengi, na maswali yake yalikuwa marefu. Akampa Levina karatasi.

"Nenda nyumba hizo za mbele. Soma swali hili moja kama lilivyoandikwa, kisha andika jibu. Usipunguze neno."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Shigela. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, akibangua karanga pamoja na wasichana wawili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Wa Mama Levina, wa Isevya. Nimekuja na swali." Akakunjua karatasi. "Katika siku saba zilizopita, je, ulifanya shughuli yoyote..."

"Makubwa. Leo tumeletewa taarifa ya habari mpaka mkekani," alisema msichana mmoja, na mwenzake akacheka hadi karanga zikamwagika.

Masikio ya Levina yakapata moto. Akaikunja karatasi. "Mama, una kazi?"

"Kazi niitoe wapi, mwanangu? Nakaa tu nyumbani."

Alisema hivyo huku maganda yakidondoka kutoka mikononi mwake. Levina aliyaona. Lakini jibu alikuwa amelipata, akaandika: hana kazi. Nyumba nane zilizofuata aliuliza vivyo hivyo, kwa ufupi, na kote akajibiwa vivyo hivyo. Asnath akayanakili majibu kwenye dodoso na kuyapeleka.

Jumapili, walipotoka ibadani, simu ya Asnath iliita. Alikuwa Bwana Leodgar, msimamizi wake. Sauti yake ilisikika mpaka kwa Levina.

"Nyumba tisa mfululizo, hakuna hata mmoja mwenye kazi? Uliuliza wewe mwenyewe?"

Asnath akasita. "Niliuliza, bwana."

"Kesho nakuja kuhakiki. Nikikuta watu hawakuulizwa, Bukene usahau."

Asnath akamgeukia Levina. "Ulisoma lile swali lote?"

"Nililisoma," alisema Levina.

Asnath akashusha pumzi. "Basi sina wasiwasi. Mtoto huyu hanidanganyi," akamwambia dada yake, mama wa Levina.

Mchana, maneno hayo yalimrudia Levina kila alipomega tonge. Ugali ukamshinda. Jioni, Asnath akianua nguo, Levina alimfuata kambani akamwambia yote: wasichana walivyocheka, karatasi alivyoikunja, na alivyolifupisha swali nyumba zote tisa.

Asnath hakufoka. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, shuka magotini.

"Na mimi nimesema niliuliza mwenyewe," alisema polepole.

Akachukua simu, akampigia Bwana Leodgar, akamweleza bila kuficha kitu.

"Kesho akitoka shule, njoo naye," alisema Bwana Leodgar, akakata.

Jumatatu walimkuta amesimama nje kwa Mama Shigela, daftari kwapani. Aliitikia shikamoo ya Levina bila kutabasamu, akampa karatasi. "Soma."

Levina akaikunjua, akasoma. "Katika siku saba zilizopita, je, ulifanya shughuli yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja?"

"Saa moja ya asubuhi au ya jioni?" aliuliza Mama Shigela.

Wasichana wakacheka tena. Safari hii Levina hakukunja karatasi.

"Muda wa saa moja, mama. Dakika sitini."

"Aa. Mbona karanga hizi nazipeleka stendi kila siku. Ila hiyo si kazi, mwanangu. Kazi ni ya ofisini, yenye mshahara."

"Na hawa mabinti?" aliuliza Bwana Leodgar.

"Nimewachukua mimi, nawalipa kwa debe. Nikimpata wa tatu hata leo ataanza. Karanga zinanishinda."

Bwana Leodgar akaandika, kisha akamwonyesha Levina. "Juzi mama huyu hakuwa na kazi. Leo ni mwajiri wa watu wawili, na anatafuta wa tatu."

Walirudia nyumba nane zilizobaki. Asnath aliuliza mwenyewe, neno kwa neno, Levina akimshikia jalada. Katika hizo nane, sita zilikuwa na watu wanaofanya kazi.

Walipomaliza, Bwana Leodgar alifunga daftari.

"Asnath, sikupenda uliponidanganya kwenye simu. Ila umesema kweli kabla sijafika kukukamata. Bukene utakwenda, lakini dodoso lako lisishikwe na mtu mwingine tena."

"Asante, bwana. Halitashikwa."

Kisha akainama kidogo kwa Levina. "Kila jibu uliloandika ulilisikia kweli, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Na bado majibu hayo yalikuwa uongo. Macho yako yaliona karanga, kalamu ikaandika hana kazi. Kuchekwa kunapita, binti. Ungerudi ukasema 'nimeona aibu, sikuuliza,' mama yako mdogo angeuliza mwenyewe, na mtaa mzima usingeandikwa kuwa umekaa bure."